Ukienda shoo ya hip-hop, nenda ukasikie maneno

Shoo yangu ya kwanza kubwa ya hip-hop nilisimama mbele kabisa, uzio wa chuma umenigusa kifua. Msanii niliyempenda tangu utotoni nilimwona mpaka jasho la shingoni. Lakini sikusikia mstari hata mmoja. Nilikuwa nimesimama mbele ya sabufa zilizopangwa chini ya jukwaa, na kwa saa nzima nilichoambulia ni besi ya kutetemesha mbavu na sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilirudi nyumbani Temeke masikio yakilia, na yaliendelea kulia mpaka kesho yake jioni. Tiketi ile ilikuwa hela ya ufundi wa magauni mawili.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Morogoro. Tangu siku ile nimeingia shoo nyingi, viwanja vya wazi na kumbi, na nimejifunza jambo moja ambalo naomba ulibebe: hip-hop ni maneno. Ukitoka uwanjani umeona taa na moshi lakini hujasikia alichosema MC, yaani msanii anayechana mistari, hujafika. Haya hapa chini ni namna ninavyojiandaa mimi.

Anza wiki mbili kabla

Mwaka 2001, msanii wa hip-hop Professor Jay alipotoa wimbo wa Ndio Mzee, nilikuwa na miaka 13. Tulikuwa na redio kaseti moja nyumbani, na betri tulizianika juani ili ziamke. Nilisikiliza mstari, nikasimamisha, nikauandika kwenye daftari la Jiografia kuanzia nyuma, nikarudisha kanda, nikasikiliza tena. Kaka yangu alikuwa anasahihisha pale nilipokosea. Wimbo ule ni mkutano wa kampeni: mgombea anaahidi na wananchi wanaitikia. Maana yake bila watu wa kuitikia haujakamilika, na ukiusikia uwanjani watu maelfu wakijibu kwa pamoja ndipo unaelewa uliandikwa uje kuishi mahali kama pale. Baadaye mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, mwaka 2015, na mistari ile ikazidi kuwa na uzito.

Kwa hiyo shika mistari kabla hujaenda. Huna haja ya kukariri albamu nzima. Kwenye shoo wasanii wengi huunganisha nyimbo, wakachana ubeti wa kwanza, kiitikio, kisha wakaruka wimbo mwingine. Ubeti wa kwanza ndio wa kushika. Na ndani ya ubeti huo, anza na vina, yaani yale maneno ya mwisho wa mistari, kwa sababu DJ atakata biti na MC atakuachia neno lile la mwisho ulimalizie wewe. Mimi naweka ubeti mmoja siku nzima nikiwa mashineni. Nauandika kwa mkono, halafu vina navipigia mstari kwa chaki ileile ninayopimia vitambaa. Kufika jioni umeingia wenyewe.

Kama anakuja mtu kama Fid Q, yule wa Mwanza, jipe muda zaidi. Mistari yake imebeba maana mbili mbili, na ile ya pili unaipata ukiwa umeshaisikia mara nyingi. Kwenye shoo haisubiri.

Mfuko wa ndani

Hapa naongea kama fundi. Vibaka wa kwenye shoo wanajua mfuko wa nyuma wa suruali kuliko wewe unavyoujua. Chukua kipande cha kitambaa cha pamba, kile cha kutengenezea mifuko ya suruali, sentimita 12 kwa 15. Pindisha kingo, weka zipu fupi juu, kisha kishone ndani ya kiuno cha suruali upande wa mbele, karibu na nyonga. Usikiweke katikati, kitakuumiza ukiinama. Kishonee kwenye mkanda wa kiuno wenyewe, sindano ipite mara mbili, maana ukikishika kwenye bitana peke yake kitachanika siku ya kwanza utakaporuka. Hapo weka kitambulisho, nauli ya kurudi na simu kama ni ndogo. Hela ya maji na mishkaki weka mfuko wa kawaida ili usifungue ule wa ndani mbele za watu.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye kamba. Ndala na sendozi zinabaki uwanjani, nimeziona asubuhi zimelala moja moja bila wenyewe.

Masikio

Nenda duka la dawa uulize vizibo vya masikio vya sponji. Bei yake si ya kukutisha. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio linaivumilia kwa saa 8. Kila inapoongezeka 3, muda huo unapungua nusu. Ikifika 100, na shoo inafika hapo bila shida, umebakiwa na robo saa. Kizibo unakiviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unalivuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Mwanzoni utaona maneno yamefifia. Subiri dakika chache, utashangaa: kelele imetulia na herufi zimeanza kuachana. Pamba ya kawaida haisaidii, usijidanganye nayo.

Mahali pa kusimama

Hili ndilo lililobadilisha kila kitu kwangu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Ukiingia uwanjani, ukiangalia jukwaa, geuka nyuma. Katikati ya uwanja utaona kihema au jukwaa dogo lenye meza ya vitufe vingi na vijana wawili watatu waliovaa vifaa vya kusikilizia. Hao ni mafundi mitambo. Sauti yote unayoisikia wanaipanga kwa masikio yao, wakiwa wamesimama pale. Anayesimama mahali pengine anasikia kitu kingine. Basi nenda kasimame mbele kidogo ya hema lile, au ubavuni mwake. Wasanii utawaona wadogo kidogo, lakini kila neno litakufikia likiwa zima.

Usiende nyuma zaidi ya hapo. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 34 kutoka kwenye spika anaisikia ngoma ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kinaonekana kitu kidogo, lakini ndiyo sababu watu wa nyuma wanapiga makofi nje ya biti, na MC akijaribu kuwapandisha wote kwa pamoja uwanja unapishana.

Kama hakuna hema, au mafundi wamewekwa pembeni ya jukwaa, tafuta mahali palipo sawa kati ya spika za kulia na za kushoto, kisha rudi nyuma taratibu mpaka sauti ya mtu ipande juu ya besi. Namna ya kupima: sikiliza mshereheshaji anapotangaza. Ukiweza kutofautisha s na sh na t katika maneno yake, umepata. Ukisikia mvumo tu, sogea hatua kumi upande wowote upime tena. Fanya hivyo mapema, kabla watu hawajajaa.

Kuna wakati utafanya yote hayo na bado maneno yasieleweke. Angalia mkono wa msanii. Akiwa ameifumbata maiki kichwani kwa kiganja, ameziba matundu ya nyuma yanayosaidia kuchuja sauti, ndipo inatoka nzito na wakati mwingine maiki inapiga mluzi. Picha inapendeza, lakini mstari umekufa. Ninapomwona msanii anayeshika maiki kwenye mpini nampenda hata kabla hajafungua mdomo.

Watu wakibana

Nikiwa na mdogo wangu wa kiume, kwenye uwanja mmoja, jina kubwa lilipotangazwa watu wa nyuma walisukuma kwa pamoja. Miguu yangu iliacha ardhi. Sikuwa nimeruka, nilikuwa nimebebwa na miili ya watu. Nilitaka kusukuma nyuma, mdogo wangu akanipigia kelele sikioni: "Dada, mikono kifuani! Mikono kifuani!" Alikuwa amefundishwa hivyo na mtu, na ananifundisha mimi hapohapo.

Shika hivi. Mikono ikunje mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, ili mapafu yapate nafasi. Tanua miguu kidogo, mmoja mbele. Usishindane na wimbi. Linakuja, linatulia, na linapotulia ndipo unapiga hatua moja au mbili kwenda pembeni kwa mshazari. Likija tena, simama. Ukiangusha kitu, hata simu, usiiname. Mtu akianguka karibu yako mwinueni kwanza, mambo mengine baadaye. Na ukianza kuona huwezi kuinua mkono wako kukuna pua, usisubiri wimbo uishe. Omba njia sasa hivi: "Kaka, samahani, naomba nipite." Watu wa hip-hop wanapisha. Sijawahi kuombwa mara mbili wala kuomba mara mbili.

Mkiwa wawili au zaidi, chagueni mahali pa kukutania mkipotezana, tena mahali pasipohama, kama mti au nguzo ya taa, wala si gari la mtu. Mtandao huwa mzito watu wakijaa; ujumbe mfupi hupita pale simu inapogoma.

Wahi, na usiwakimbie chipukizi

Tiketi ikisema saa 2 usiku, jina kubwa laweza kupanda saa 7 au 8. Lala mchana, kula wali wako vizuri nyumbani, kunywa maji. Lakini fika mapema. Wengi hutumia saa zile za mwanzo kupiga picha na kutafuta chipsi, na chipukizi wanachana mbele ya migongo ya watu.

Usiku mmoja kwenye viwanja vya Leaders, Kinondoni, alipanda binti ambaye sidhani alikuwa na miaka 20. Suruali pana, tisheti nyeusi, nywele amesuka twende kilioni. Biti yake ikagoma. DJ akachomoa flashi, akachomeka tena, kimya. Watu wakaanza kuzomea. Yule binti akamwangalia DJ, akamwinulia mkono kama wa kusema acha, akasogea mbele akaanza kuchana bila biti. Mimi nilikuwa pale ubavuni mwa hema, na nilisikia hata pumzi anayovuta kabla ya mstari. Akasema:

Ada yangu ilinuka moshi wa vitumbua vya alfajiri,
mhasibu akaziba pua, hakujua anapokea kwa tajiri.

Kelele za kuzomea zilikatika. Muuza maji aliyekuwa anapita na ndoo kichwani alisimama. Mtu mmoja akapiga kelele, "Rudia!" na wengine wakadaka, rudia, rudia. Akarudia. Alipofika mwisho wa mstari wa pili akanyamaza, akageuza maiki kwetu, na watu ambao dakika moja iliyopita hawakumjua wakammalizia: tajiri. Alifunika uso kwa kiganja. Mimi nililia. Mama yangu naye aliuza vitumbua, Morogoro, na zile noti zake nazikumbuka zilivyonuka.

Majina makubwa yalifuata usiku ule na walifanya kazi nzuri. DJ aligusa wimbo wa marehemu Ngwair, mwana hip-hop, uwanja ukawasha simu zote juu, na kwetu sisi wa Morogoro, alikozikwa mwaka 2013, hicho ni kitu kingine kabisa. Lakini mstari niliorudi nao ulikuwa ule wa vitumbua.

Kuhusu simu: rekodi wimbo mmoja, kisha iweke ndani. Mkono wako ulioinuka ni ukuta kwa aliye nyuma.

Kurudi

Ondoka wimbo mmoja kabla ya mwisho kama uko peke yako, au baki ndani robo saa baada ya kumalizika. Kati ya nyakati hizo mbili getini kunabana kuliko mbele ya jukwaa. Usipande bodaboda ya kwanza unayokutana nayo mlangoni. Tembea na kundi mpaka kituo kinachofuata, penye mwanga, patana nauli kabla hujakaa, na mtumie mtu wa nyumbani namba ya chombo.

Usiku ule tulipanda bajaji, mimi na mdogo wangu. Nilikuwa narudia mistari miwili kimya kimya nisiipoteze. Akaniuliza, "Dada, yule binti anaitwa nani?" Sikujua. Dereva naye alikuwa amesikia akiwa nje ya ukuta, naye hakujua. Nilitafuta kitu cha kuandikia, hakuna. Tulifika Temeke nikafungua duka saa 10 alfajiri, nikawasha taa, nikaandika kwa chaki kwenye kipande cha jinzi kilichokuwa juu ya meza. Bado ninacho.

Tangu hapo kwenye ule mfuko wa ndani nimeongeza mshono mmoja wa kusimama, upana wa sentimita 2. Ni kijumba cha kalamu. Ukishona wa kwako, weka na hicho.