Kabla ya Kuchoma Mabua: Unyevu, Saa na Upepo katika Nyanda za Juu Kusini

Kati ya Juni na Oktoba, mashamba yakishavunwa na nyasi zikishakauka, anga ya Mbeya, Songwe na Rukwa hugubikwa na utusitusi wa kijivu ambao wengi wetu huuita vumbi la kiangazi. Sehemu kubwa ya utusitusi huo ni moshi, wala si wetu peke yetu. Kusi, inayovuma kutoka kusini-mashariki miezi hiyo, hutuletea moshi wa mioto ya Msumbiji na Malawi, kisha huuchukua wa kwetu na kuuvusha kuelekea kaskazini mwa Zambia na, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Kongo. Mkulima wa Chitipa nchini Malawi, wa Ileje huku kwetu na wa Mbala nchini Zambia wako karibu njia moja ya upepo, na anayewasha leo huenda keshokutwa akavuta moshi wa mwenzake.

Kinachodhuru zaidi ndani ya moshi ni chembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeweka wastani wa mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa saa 24 kuwa kiwango kisichofaa kuzidishwa. Aidha, gesi za moshi zikipigwa na jua huzalisha ozoni karibu na ardhi, nayo hubabua majani ya mimea, na maharage ni miongoni mwa mazao yanayoathirika kwa urahisi.

Ushauri wetu wa kwanza ni kutochoma. Tani moja ya mabua makavu ya mahindi hubeba takribani kilo 6 hadi 8 za naitrojeni, ilhali mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23; maana yake, anayechoma tani tatu hivi anapeperusha naitrojeni inayokaribia ya mfuko mzima, kwani sehemu kubwa yake hupotea na moshi. Wazee wa Ufipa walilijua hili kabla ya sisi maofisa ugani kuja na vipeperushi vyetu: katika matuta yao ya ntumba nyasi hufukiwa, kama zinavyofukiwa katika ngoro, yaani mashimo ya kilimo, za Wamatengo kule Mbinga. Ni kweli kwamba mabua yakifukiwa karibu na kupanda, mahindi machanga huweza kuwa ya njano kwa muda, kwa sababu vijidudu vya udongo hushindania naitrojeni na mmea. Basi yafukiwe mapema, mara baada ya mavuno udongo ukiwa bado na unyevu. Anayehofia bungua, yaani viwavi wanaotoboa mabua, ayalaze mabua juani, yakiwa yametandazwa membamba, kwa wiki nne hadi sita, kwani joto na ukavu huua sehemu kubwa ya viwavi walio ndani. Msimu unaofuata apande maharage au viazi mahali hapo.

Yupo, hata hivyo, atakayechoma, na ni heri achome vizuri. Chukua bua la chini kabisa ya lundo, si la juu, ulivunje: likikatika kwa mlio limekauka, likipinda na kuacha nyuzi bado lina maji. Bua bichi halitoi ndimi za moto bali hufuka, na moshi wake mzito, mweupe wenye umanjano, hubeba chembe nyingi kuliko ule wa moto unaowaka vizuri.

Saa nayo ina uzito wake. Usiku wa Julai na Agosti baridi hushuka mabondeni na kutandwa na tabaka la hewa yenye joto zaidi, kama sufuria iliyofunikwa, hivyo moshi wa jioni hulala juu ya nyumba hadi asubuhi. Jiji la Mbeya, lililo kwenye bonde chini ya mlima Loleza, linaijua hali hiyo vizuri. Mchana nao upepo hukaza na moto huponyoka; wenye misonobari Mufindi hawahitaji kukumbushwa. Kwa maoni yangu, muda unaofaa ni kuanzia saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, na lundo liwe limeungua lote kabla ya saa sita. Pata kwanza kibali kupitia serikali ya kijiji, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji, safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, na uwaarifu majirani.

Usiondoke moto ukiwa umefifia tu. Visiki na mizizi inayofuka ndiyo hutoa moshi usiku kucha. Vimwagiwe maji, vifukuliwe, vimwagiwe tena, na kesho yake alfajiri mtu apite akisogeza nyuma ya kiganja karibu na kila kimoja kuhisi kama bado kuna joto.