Ukinunua peni ya Henry III, anza na ncha za msalaba

Peni hizi ni sarafu za madini ya fedha za Henry III, mfalme wa Uingereza wa karne ya 13, na wauzaji wengi huweka mbele picha ya uso wa mfalme. Wewe omba ya upande wa nyuma, kisha fuata mikono minne ya msalaba hadi ukingoni. Mwaka 1247 Uingereza iliurefusha msalaba huo ukafika pembeni kabisa, kwa sababu watu walikuwa wakinyofoa fedha kingoni kwa mkasi na kuitumia sarafu kama kawaida. Kwa hiyo mkono ukikatika ghafla, na herufi za pembeni zimebaki nusu, hiyo imekatwa. Pima pia: nzima hukaribia gramu 1.4; ikiwa na gramu 1.1, usiilipie bei ya nzima.

Njia hii haifai kwa peni za 1180 hadi 1247, maana msalaba wake ni mfupi toka mwanzo. Usiitupe pia iliyokatwa nusu au robo sawasawa kwenye mstari wa msalaba: hiyo ilikuwa chenji halali ya sokoni, na mimi huipenda kuliko nzima. Na muhuri uliochapa sarafu ukigongwa nje ya katikati, ncha moja hupotea bila mkasi kuhusika. Hapo mizani ndiyo iamue.