Kabla Mtoto Hajafika Kasualti Yako Usiku: Mambo ya Kuangalia Mapema

Hii ni ya sisi wa hospitali za kawaida, kuanzia Nakuru kushuka mpaka Busia, zile hazina daktari wa watoto wa kukesha wala wodi ya watoto ya kujivunia. Mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku mama hatafuti hospitali ya rufaa Kisumu au Eldoret, anapanda boda mpaka geti la karibu, na geti la karibu ni lako. Hata Marekani iko hivyo, watoto wengi wanaishia kasualti za kawaida, na walipopima hospitali zao 2013 kuona ziko tayari kiasi gani kwa watoto, alama ya katikati ilikuwa 69 kwa 100, na pesa zote zile. Zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kufuatilia mambo ya watoto hapo kasualti.

Kwa hivyo anza na mtu. Si kamati tafadhali, kamati tunazo. Nesi mmoja na klinikal ofisa mmoja, majina yajulikane, na muda wao uonekane kwa ratiba, si kuwabandikia tu juu ya kazi zingine halafu mwisho wa mwezi unawauliza mbona hakuna kitu. Hao ndo watasukuma wenzao wafanye mafunzo ya ETAT+ (yale ya kuchambua na kuhudumia haraka mtoto mgonjwa sana), na hao ndo watagombana na stoa.

Halafu mizani. Ukiniambia kuna pesa ya kitu kimoja nitasema mizani kabla ya mashine yoyote, moja ya kumlaza mtoto mchanga na moja ya kusimama, zikae hapo hapo mnapopokea wagonjwa, si kule kliniki ya chanjo ambako ikifika jioni ni kufuli na mwenye ufunguo ashaenda nyumbani. Dozi karibu zote za mtoto zinatoka kwa kilo. Artesunate ya malaria kali, aliye chini ya kilo 20 anapewa mg 3 kwa kila kilo, kuanzia 20 kwenda juu ni mg 2.4 (naam, mdogo ndo anapewa zaidi kwa kila kilo, na hapa kwetu ziwani hiyo si dozi ya kubahatisha). Diazepam ya degedege, ya kupitia nyuma, ni mg 0.5 kwa kilo. Kilo ziandikwe juu kabisa ya karatasi, kabla hata ya malalamiko, na ziwe za leo, usichukue zile za kijitabu cha kliniki za miezi minne iliyopita. Kama mtoto hawezi kupimwa sababu mnamhudumia, kwa wa mwaka 1 mpaka 5 chukua umri ongeza 4 halafu zidisha mara 2, yaani wa miaka mitatu unamhesabia kilo 14, lakini aliyekonda sana hiyo hesabu itamzidishia, angalia.

Na hata ukiwa na kilo, hesabu ya usiku mama analia pembeni si hesabu ya kuaminika. Pigeni hesabu mchana, mbandike ukutani, kilo 3, 5, 10, 15, 20, dozi kwa mililita na si miligramu peke yake. Glukosi ya mtoto aliyeshuka sukari iwe hapo pia, sababu stoa zetu mara nyingi zina ile ya 50% na mtoto anataka 10%: ml 2 za glukosi na ml 8 za maji ya sindano, unampa ml 5 kwa kila kilo. Na glukomita ya kupima sukari iwe na stripu, sio glukomita tupu ndani ya droo.

Oksijeni watu husema iko, unaenda unakuta silinda iko kweli lakini spana haiko, au mipira ya pua ni ya watu wazima, au ile mashine ya kubana kidole kupima oksijeni ya damu haishiki kidole cha mtoto mchanga kwa hivyo hamjui kama oksijeni yake imefika chini ya 90%. Ambu ya mtoto (ule mfuko wa kufinya kumpa hewa) ni ya ml 500, iwe na maski za saizi tofauti, na mtu aifinye kila wiki aone kama inapitisha hewa. Vyote viwekwe kwa sanduku moja lenye seal, seal ikikatika linajazwa kabla shifti haijaisha.

Maji ya dripu msikimbilie. Utafiti wa FEAST uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania ukatoka 2011 ulionyesha watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi ya wale hawakumiminiwa. Wa kuharisha aliyekauka ni habari nyingine, ana mpango wake. Na yule mwenye viganja vyeupe, yaani ameishiwa na damu, anataka kuongezwa damu, so ijulikane mapema nani anafungua maabara usiku.

Usisahau askari wa geti na karani. Hao ndo wanamwona mtoto kwanza. Waelezwe kwa lugha rahisi: anayepumua kwa shida, anayetetemeka, asiyeamka, mchanga wa chini ya miezi miwili, hao hawalipi kwanza na hawapangi foleni, wanapita moja kwa moja.

Rufaa nayo ipangwe kabla. Namba ya simu ya mnakopeleka iwe ukutani, mpige na mtu ajibu ndo ambulensi iondoke, na silinda ya ndani ya gari ihesabiwe kama itatosha safari nzima pamoja na jam ya kuingia mjini.