Kuelekea Ukomo wa Hedhi Ukiwa Kazini: Namna ya Kupanga Mwaka Wako Dodoma

Mwanamke mwenye miaka 45 anayefanya kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba, mara nyingi huijua kalenda ya ofisi yake kuliko anavyoujua mwili wake. Anafahamu kwamba kabla ya Aprili kuna randama, yaani vitabu vya ufafanuzi wa makadirio ya bajeti, na vikao vya kamati, kwamba Bunge la Bajeti huendelea hadi mwishoni mwa Juni, na kwamba Julai Mosi mwaka mpya wa fedha huanza pasipo mtu kupumua. Asichokifahamu ni kwa nini anaamka saa tisa usiku akiwa ameloa jasho. Mwongozo huu unamtaka mambo hayo mawili ayaweke kwenye kalenda moja.

Kipindi cha kuelekea ukomo wa hedhi kwa kawaida huanza katika miaka ya 40 na huweza kuchukua miaka kadhaa. Ukomo wenyewe huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Katika kipindi hicho homoni ya estrojeni haishuki kwa mteremko ulionyooka, bali hupanda na kushuka ovyo, na ndiyo maana mwezi mmoja unakuwa mzima kabisa, na mwezi unaofuata huna usingizi, joto la ghafla linakupanda kifuani na usoni, moyo unakwenda mbio, au neno unalolijua linakupotea katikati ya kikao. Wengi wetu hukimbilia kupima malaria na taifodi, na majibu yakitoka safi tunanunua dawa hivyohivyo.

Anza na daftari mwezi Januari, kabla kazi hazijapamba moto. Andika tarehe hedhi ilipoanza na ilipokwisha, idadi ya pedi kwa siku, saa ulizoamka usiku, na ulichokula au kunywa kabla joto halijakupanda. Kwa mtumishi aliyezoea taarifa za utekelezaji za kila robo mwaka, kazi hii si ngeni, nayo humsaidia daktari mwenye foleni ndefu kuona kwa dakika tano kile ambacho ungekieleza nusu saa.

Februari nenda nalo hospitali, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa au kituo kilicho karibu nawe. Pima shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu, fanya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, na uulize kuhusu tezi ya shingo, kwa kuwa ikivurugika huleta dalili zinazofanana na hizi. Kipimo cha homoni zenyewe kwa aliyevuka miaka 45 kwa kawaida hakihitajiki, maana kiwango cha leo si cha wiki ijayo. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili, homa au kupungua uzito, usilitwishe umri. Kapime kifua kikuu.

Jambo ambalo hupuuzwa kuliko yote ni damu. Ukibadilisha pedi kila saa moja au mbili, au ukitoa mabonge makubwa, huenda una uvimbe kwenye kizazi, na upungufu wa damu unaofuata huleta uchovu ambao ofisini huitwa uvivu. Damu inayotoka baada ya miezi 12 ya ukimya inahitaji uchunguzi wa haraka hata ikiwa ni tone. Uzazi wa mpango nao usiuache mapema: aliye chini ya miaka 50 huendelea nao kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, na aliyevuka umri huo kwa mwaka 1.

Tiba ya homoni ipo na huwafaa wengi, lakini si ya kununua dukani kwa ushauri wa shoga. Mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake, ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa na hatari ya saratani huongezeka, hivyo huongezewa projestojeni, homoni ya pili inayoulinda ukuta huo. Na aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwa kawaida hutafutiwa dawa nyingine.

Ofisini, omba muda maalumu badala ya huruma. Huna haja ya kumtajia mkuu wako hedhi, inatosha kusema, “Mkurugenzi, nina suala la afya ambalo daktari analifuatilia. Naomba majedwali niyakamilishe asubuhi badala ya usiku, nami nitayaleta siku mbili kabla ya tarehe.” Kwa maoni yangu, ombi lenye tarehe hukataliwa kwa nadra. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na ugonjwa una likizo yake. Usiimalize ya mwaka kwa kujiuguza.

Suti ya poliesta iache kwa siku ya kuingia bungeni, siku nyingine vaa pamba. Baridi ya Dodoma ya Juni na Julai hutulazimisha kujifunika blanketi zito, ambalo joto likipanda usiku linageuka tanuri. Afadhali shuka na khanga mbili unazoweza kuzitoa moja moja. Kahawa iishie mchana, na mvinyo pia upunguze, jambo ninalolisema kwa uchungu katika mji wa zabibu. Mtindi, dagaa na mlenda viwepo mezani kwa ajili ya mifupa. Tembea dakika 30 kwa siku 5 za wiki kabla jua halijakali, na mara mbili kwa wiki fanya zoezi la kunyanyua kitu kizito.

Miadi ya kurudi kwa daktari iandike wiki ya kwanza ya Julai, kabla safari za ufuatiliaji mikoani hazijapangwa, na uende na daftari lenye miezi sita.