Shokapu ya kawaida kutuliza usukani wa Land Cruiser

Land Cruiser zinazoingia gereji kwetu Nyakato, Mwanza, kutoka barabara za vumbi za Buchosa na Ukerewe huja na lalamiko moja: tairi likigonga jiwe, usukani unarusha mikono. Ukichungulia, dampa ya kiwandani, ile shokapu ndogo ya kutuliza usukani, imekufa. Mwenye gari anauliza kama shokapu ya kawaida itakaa mahali pake. Itakaa, ila si kila shokapu.

1. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, tikisa matairi. Ukikuta mchezo, yaani kulegea, kwenye tairodi endi (viungo vya ncha za rodi ya usukani) au beringi, badilisha hizo kwanza. Dampa itauficha mchezo huo mpaka kitu kikatike ukiwa mwendoni. Kwa hili simbembelezi mteja.

2. Chagua shokapu. Isukume mpaka mwisho, uiachie. Ikirudi yenyewe ina gesi, na itasukuma usukani upande mmoja safari nzima. Iweke pembeni. Ya mafuta matupu nayo ina mambo yake. Shokapu nyingi za kawaida huwa ngumu zaidi zikivutwa kuliko zikisukumwa, ilhali dampa ya usukani inatakiwa iwe na ugumu sawa kwenda na kurudi. Tena nyingi zimetengenezwa kusimama. Zikilazwa, hewa iliyo juu ya mafuta huingia kwenye silinda. Kwa hiyo ilaze mezani, ivute na kuisukuma mara kumi. Ukisikia mahali inateleza tupu, haifai. Ikiwa shida ni ugumu usiolingana tu, mimi hufunga mbili za aina moja zikielekeana, moja ikivutwa nyingine inasukumwa.

3. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, pima umbali kati ya sehemu mbili za kufungia shokapu, ya kwenye ekseli na ya kwenye rodi ya usukani, kisha rudia kulia. Tuseme umepata sentimita 40 na 62: shokapu ikijikunja isizidi 38, ikinyooka ifike 64. Pungufu ya hapo itageuka kizuizi cha usukani, ipinde au ing'oke.

4. Funga mguu mmoja kwenye ekseli, mwingine kwenye rodi ya usukani kwa yubolti, ile bolti yenye umbo la U. Rodi usiitoboe wala usiichomelee. Nimeshapokea gari ambalo rodi ilikatikia palepale kwenye tundu. Shokapu ilale sambamba na rodi, iwe katikati ya mwendo wake matairi yakiwa yamenyooka.

5. Kata kushoto na kulia huku mwenzako akiangalia kwa pembeni kama inagusa mipira ya breki. Barabarani, nenda polepole, toka kwenye kona na ulegeze mikono: usukani urudi wenyewe. Ukisita, shokapu ni ngumu mno, tafuta laini zaidi. Kesho yake kaza nati zote upya.