Kuzindua riwaya ya kwanza ya mahakamani jijini Dodoma

Riwaya ya kusisimua yenye kesi iliyozaliwa na operesheni za vijiji vya ujamaa hupata wasomaji wagumu Dodoma. Ukumbini watakaa mawakili, watumishi wa serikali na wazee waliohamishwa enzi za Operesheni Dodoma, 1970 na 1971. Swali lao la kwanza huwa la kukamata kosa, kwa hiyo maandalizi yaanze na mswada, miezi mitano kabla ya siku yenyewe.

Wape wausome wakili mmoja mzoefu na mzee mmoja aliyeishi zama hizo, na uwalipe. Makosa yanayoumbua waandishi ni yale yale. Mshtakiwa anahukumiwa Mahakama Kuu mwaka 1972, kisha anakata rufaa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ilianzishwa 1979; wakati huo rufaa ilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokufa pamoja na Jumuiya 1977. Mwandishi mwingine anaweka raia kumi na wawili waamue hatia kama kwenye filamu za Marekani, wakati kwetu walikuwa wazee wa baraza: walitoa maoni, na jaji hakufungwa nayo. Wakili akisimama kumtetea mtu katika Mahakama ya Mwanzo ya miaka hiyo, ambako mawakili hawakuruhusiwa, wenzake ukumbini watacheka kwa sauti. Na mbunge wa 1971 asije Dodoma kikaoni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa 1973.

Ukiazima tukio la kweli, mfano mauaji ya Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, tarehe 25 Desemba 1971, badilisha jina, cheo na mahali. Familia za pande zote bado zipo.

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kabla msanifu hajamaliza jalada. Kazi uisajili pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Chapisha nakala 300, si 1,000. Karatasi za ndani gramu 80, jalada gramu 250, na jumla ya kurasa igawanyike kwa 16, la sivyo utalipia kurasa tupu mwishoni. Mzigo ufike wiki mbili kabla. Chukua nakala kumi kutoka maboksi tofauti, zifungue katikati hadi zilale mezani. Gundi ikilia "kra" na uzi mweupe wa ufa ukaonekana mgongoni, rudisha. Kurasa zitaanza kumdondokea msomaji kabla hajafika kwenye hukumu.

Tarehe ni mtihani. Kikao cha bajeti, Aprili hadi Juni, hujaza mji, lakini kumbi na vyumba hupanda bei. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari kuelekea Februari, huwaleta wanasheria. Chagua Jumamosi iliyo karibu nayo, ndani ya ukumbi, maana ni msimu wa mvua. Kiangazi nacho kina upepo wa Dodoma: bango lisilofungwa kwa kamba pembe zote nne litaangukia meza kuu. Ukumbi wa watu 100 uliojaa ni bora kuliko wa 300 wenye viti vya plastiki vitupu.

Mgeni rasmi awe jaji mstaafu au mhadhiri wa historia. Mwanasiasa huchelewa, huhutubia mambo yake, kisha huondoka na nusu ya ukumbi.

Usomaji usizidi dakika nane. Soma maswali ya dodoso, yale wakili anayombana nayo shahidi wa upande wa pili, kwa sauti mbili, wakili na shahidi, na ukate pale shahidi anapojikwaa. Hukumu usiiguse.

Meza ya mauzo ikae karibu na mlango, watu wawili, lipa namba iliyochapwa kwa herufi kubwa. Bei ikiwa 15,000, beba noti ishirini za 5,000, kwani wengi watatoa 20,000. Anayetaka saini aandike jina lake kwanza kwenye kikaratasi. "Rehema" na "Rahma" zikichanganywa kwa wino, kitabu hicho hakiuziki tena.