Namna ya kuzoea kutembea kila siku, kwa mtu asemaye "mimi si mtu wa mazoezi"

Mimi ni fundi cherehani, Langoni, Lamu. Kazi yangu ni kukaa. Mwaka jana nilimvuta shemeji yangu mwenye duka la nafaka, tukaanza kutembea pamoja, na hadi leo hajaacha. Sasa kila anayetuona huniuliza tulifanyaje, nami nimechoka kurudia kwa mdomo. Kama una presha, sukari au maradhi ya moyo, mwone daktari kwanza.

Hatua ya 1: Badilisha kauli

Shemeji alikuwa na kauli yake: "Mimi si mtu wa mazoezi." Nikamuuliza, nani aliyekuwa akishusha magunia ya saruji gatini enzi za ujana? Akacheka: "Ile ilikuwa kazi." Basi tatizo nikaliona. Kwake mazoezi ni ya vijana wa mpira, na mtu mzima akikaza mwendo ufuoni bila mzigo, watu watauliza kama punda wake kapotea. (Wameuliza kweli, tena zaidi ya mmoja.) Neno mazoezi tukaliacha kabisa. Tukawa twasema "naenda Mkunguni", yaani uwanja ulio mbele ya ngome. Hakuna anayeona haya kwenda Mkunguni.

Hatua ya 2: Viatu

Raba, hata za mtumba. Ndara hapana, makubadhi hapana. Simu iache nyumbani. Programu za kuhesabu hatua mimi sizitaki: shemeji alipopakua moja, nilimkuta saa nne usiku akizunguka ukumbini kutimiza namba, na alfajiri yake hakuamka.

Hatua ya 3: Ufunge mwendo wako kwenye kitu kisichohama

Hapa ndipo nilipopoteza miezi minne, kabla hata ya kumhusisha shemeji, kwa hiyo nivumilie.

Mimi hupenda kutembea mchangani, kuelekea kijiji cha Shela, maji yakiwa yamepwa na mchanga umekaza. Nikajiwekea kanuni: maji yakipwa alfajiri, natoka. Siku tatu za kwanza zilikuwa tamu. Ya nne nilisubiri kidogo, ya tano nikasubiri zaidi, ya sita wateja walishafika dukani. Nikajiita mvivu. Nikaanza upya maji yalipopwa tena alfajiri, nikafeli vilevile. Mara ya tatu nikamlalamikia mvuvi mmoja, akanitazama kama mtoto. Maji hufuata mwezi, na kila siku hupwa takriban dakika 50 baada ya jana. Ukihesabu juma moja, ni karibu saa sita: palipokuwa pakavu alfajiri, sasa pana maji. Nimezaliwa kisiwani, jambo hilo nalijua tangu utotoni, na bado sikulifikiria. Uvivu haukuwa wangu. Saa niliyoichagua ilikuwa ikinikimbia.

Swala ya alfajiri je? Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halitangitangi. Mwaka mzima saa ya alfajiri haisogei hata kwa saa moja. Nikaufunga mwendo hapo, na bahari nikaiachia: maji yakiwa yamejaa, napita njia ya juu.

Lakini kusema "baada ya alfajiri" hakutoshi. Shemeji alijaribu hivyo, akawa arudi nyumbani kubadilisha viatu, akakuta chai na mahamri, kwisha. Sasa huenda msikitini na raba zake, na akitoka mlangoni hageuki kulia kwenda kwake, ageuka kushoto. Hata jambo la kugeuka wapi tuliliamua mapema.

Dada yangu, mkewe, alikataa alfajiri: ndiyo saa yake ya jikoni. Yeye ameufunga mwendo kwenye kumpeleka mtoto madrasa; akishamwacha mlangoni, humpitia jirani yake wakazunguka. Sikubishana naye.

Ramadhani kila kitu huhama, kwa hiyo hamisha kabla mwezi haujaandama. Sisi hutoka baada ya tarawehe. Masika ikishika, panda ngazi za nyumba yako mara kumi. Mwenye kuzijua ngazi za nyumba za mawe hatasema huo ni mchezo. Na upepo wa kusi ukivuma, wenda Shela ukikupiga usoni, warudi ukikusukuma, usitoe kisingizio.

Hatua ya 4: Anza na kidogo cha kuonea haya

Dakika tano, juma zima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Usiziangalie bado.

Hatua ya 5: Siku uliyokosa

Siku ya 19 palikuwa na harusi ya mpwa wetu. Shemeji akalala alfajiri, akakosa. Kesho yake nikampigia, akajibu: "Yeo sendi. Siku 21 zishavunjika, nitaanza mwezi mosi."

Hizo siku 21, ati ndizo zitoshazo kujenga mazoea, zimeharibu watu wengi. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Hakuwa akizungumzia kutembea, na neno "angalau" watu wamelimeza. Baadaye Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12. Kujenga mazoea kulikuja kwa wastani wa siku 66; mwingine 18, mwingine alikadiriwa 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Nilimsomea hayo dukani kwake, akiwa anapima mchele. Alfajiri iliyofuata alitoka, akafika pembe ya ngome tu, akarudi. Nikamhesabia. Kwetu kanuni ni kutokosa mara mbili mfululizo, na siku ya kurudi hata hatua ishirini zatosha.

Hatua ya 6: Ongeza

Sisi tulifika Shela mwezi wa nne tangu kuanza. Ni kama kilomita tatu, na ukichoka boti za kukurudisha zipo. Shemeji hajapanda hata moja. Miguu humuuma, lakini nauli, asema, yamuuma zaidi.